Mnapima Pindo, Hamsomi Jina

Kumb. Na.: itajazwa na masijala yenu siku itakapofunguliwa

Mkurugenzi,
Kurugenzi ya Masomo ya Uzamili,
Chuo Kikuu Kinachojijua.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SHUKURANI KWA KUNIFUNDISHA KOMPYUTA

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto watatu, na mwanafunzi wako wa shahada ya umahiri katika Kiswahili. Nilikuja kwenu nikitaka kuchunguza jinsi wanawake wa pwani wanavyojibizana kwa majina ya kanga: mtu hafungui kinywa, anajifunga doti mpya, anapita mbele ya baraza ya mbaya wake, na mtaa mzima unakuwa umesikia. Huu ni mwaka wa tatu. Kuhusu kanga nimeambulia kiasi. Kuhusu programu ya kuandikia, ile moja ambayo mwongozo wenu unaitaja kwa jina na kuifanya ya lazima, nimehitimu. Niamshe usiku wa manane uniulize tofauti ya mwisho wa ukurasa na mwisho wa sehemu, nitakujibu kabla sijafikicha macho.

Ndiyo maana naandika kushukuru, na naandika hadharani ili wengine nao wajue elimu hii inatolewa wapi.

Tasnifu yangu ina kurasa 142. Mmeirudisha mara tatu, na katika mara zote hizo sijaulizwa swali hata moja kuhusu kanga. Fomu yenu ya ukaguzi ina visanduku 11, nimevikariri. Cha kwanza kinauliza pambizo, cha mwisho kinauliza rangi ya jalada. Katikati humo nimetafuta kisanduku kinachouliza kama mwandishi amesema jambo lolote. Huenda kimeangukia ukurasa wa nyuma.

Mara ya kwanza nilipokelewa na dada wa dirishani. Dada huyo namheshimu, maana ndiye mtu pekee katika ofisi yako niliyemwona kwa macho yangu akiifungua tasnifu. Aliifungua ukurasa wa 17, akavuta droo, akatoa rula. Rula ya mbao, ya sentimita 30, imeandikwa kwa kalamu nyekundu MALI YA OFISI. Akailaza, akainama kama fundi cherehani anayepima mkono wa koti, akasema, "Pole mama. Kushoto una thelathini na nane na kitu. Mwongozo unasema arobaini."

Nikamwambia, mwanangu, kwenye kompyuta ni arobaini kamili, nimeikuta hivyo kwenye kiolezo chenu. Akaniambia ofisi haipokei kompyuta, inapokea karatasi.

Nikarudi steshenari. Iko jirani na kituo cha daladala, ina mashine tatu, feni moja, na kijana aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi tu. Akabofya mara mbili, akacheka. "Mama, hii karatasi yao si A4."

Alikuwa sahihi. Kiolezo mnachotugawia, kile ambacho mwongozo unasema asiyekitumia hatapokelewa, kimepangwa kwa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, milimita 216 kwa 279. Rimu zinazouzwa hapa zote ni A4, milimita 210 kwa 297. Programu ikiona karatasi iliyoandikwa humo haifanani na iliyomo kwenye printa, huubana ukurasa mzima mpaka uenee. Chukua 210, gawanya kwa 216, zidisha kwa 40: utapata 38.9. Ile milimita moja na ushei iliyonirudisha nyumbani niliipata kwa kutii. Laiti ningekuwa mkaidi nikaandika kwa mpangilio wangu, rula ingenipitisha.

Dawa yake ilichukua muda mfupi kuliko salamu: kwenye mpangilio wa ukurasa, mahali pa ukubwa wa karatasi, unachagua A4, unahakikisha pambizo bado ni zile zile, basi. Nakuomba, Ndugu Mkurugenzi, siku moja ukichape kiolezo hicho, umwite yule dada, naye alete rula yake.

Mara ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi, hivyo nivumilie nikae hapo kidogo.

Mnataka kurasa za mwanzo, yaani ikirari, shukurani na ikisiri, zihesabiwe kwa kirumi kidogo, kisha Sura ya Kwanza ianze na 1. Ni jambo la adabu, sina ubishi nalo. Shida ni kwamba programu haijui sura ni nini. Haijui shukurani wala ikisiri. Inachojua ni sehemu, na sehemu haiwi sehemu mpaka umeitia mpaka. Mimi sikuujua mpaka huo. Nimejifunza kuchapa kwa taipureta ya shule, ile ya kugonga mpaka kucha zinauma, na kwa taipureta ukitaka ukurasa mpya unasukuma karatasi. Kwa hiyo kila nilipotaka sura mpya niligonga kitufe cha kushuka mstari mara kumi na nne, kumi na sita, mpaka nifike nilikotaka. Vichwa vya sura niliviweka katikati kwa kugonga nafasi, nikikadiria kwa jicho.

Kijana wa steshenari akabonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Sijawahi kuaibika vile tangu niolewe. Alama zote zilizokuwa zimejificha zikatoka: kila nafasi niliyogonga ikawa kidoto, kila mshuko wa mstari ukawa ile alama ya aya inayofanana na P iliyogeuzwa kisogo. Vidoto safu kwa safu, kama mchele uliomwagika ukumbini. Ni sawa na kufunuliwa kanga mbele ya wakwe. Akasema kwa upole, "Hapa ndipo tatizo, mama. Ukiongeza sentensi moja juu, hizi zote zinasukumwa chini." Na kweli, nilikuwa nimeongeza aya moja kwenye Sura ya Pili kwa amri ya msimamizi wangu, na kichwa cha Sura ya Tatu kilikuwa kimeteremka hadi katikati ya ukurasa, kinaelea peke yake kama ngalawa isiyo na nanga.

Akaniondolea zile alama, kila sura akaianzisha kwa Ctrl na kitufe cha kushuka mstari, mara moja tu. Kisha akaweka mpaka wa sehemu kabla ya Sura ya Kwanza. Akaingia kwenye kijachini, ile nafasi ya chini inayobeba namba, akanionyesha kwamba kijachini cha sehemu ya pili kimefungwa kamba kwenye kijachini cha sehemu ya kwanza: ukigusa hiki, kile kinatikisika. Kamba hiyo hukatwa kwa kitufe kimoja ambacho hakuna binadamu angekitafuta mahali kilipo. Ukishaikata, ndipo unaiambia sehemu ya pili ianze na 1. Wengi hubadilisha namba kwanza na kukata kamba baadaye, kisha wanalia.

Nami nililia, lakini kwa kosa jingine. Usiku nikiwa nyumbani na kompyuta ya kuazima, nikauona mstari wa vidoto umekatiza hati yangu, una maandishi madogo katikati. Nikaudhani uchafu. Nikaufuta, pamoja na mingine iliyofanana nao. Papo hapo ikirari ikawa ukurasa wa 1, shukurani zangu kwa marehemu baba zikapoteza kirumi chake, na jedwali nililolilaza kwa upana likasimama wima likamwaga safu zake nje ya karatasi. Nilidhani nimeiua tasnifu.

Kumbe tabia za sehemu, yaani namba zake, pambizo zake, kulala na kusimama kwake, hazikai mwanzoni mwa sehemu. Hukaa kwenye ile alama iliyo mwishoni. Ukiifuta alama, maandishi yaliyo juu yake hubaki yatima, na yatima huhamia kwa shangazi. Akishahamia, anakula saa wanazokula kwa shangazi na analala saa wanazolala kwa shangazi. Maandishi ya juu huchukua desturi za sehemu ya chini. Hayo hayakuwa kwenye mwongozo wenu wa kurasa 38, ambao unatumia aya mbili nzima kueleza rangi ya uzi wa jalada. Tiba ya haraka ni Ctrl na Z, papo hapo, kabla hujagusa kitu kingine. Mimi nilikuwa nimeshagusa vingi.

Tena kulikuwa na ukurasa mtupu. Fomu yenu inasema kurasa tupu haziruhusiwi, na mimi nilikuwa nao mmoja mwishoni, baada ya jedwali. Nikiufuta unarudi. Programu haikubali jedwali liwe kitu cha mwisho katika hati. Lazima aya moja ilifuate, hata ikiwa haina neno, na aya hiyo ikikosa nafasi inarukia ukurasa wa pili. Haifutiki, lakini inafinyika: iteue, ipe ukubwa wa herufi wa 1, utaona inavyorudi nyuma kwa haya. Nimewaeleza walimu wenzangu wanne, na mmoja alinishukuru kuliko alivyonishukuru siku ya harusi yake.

Niseme kidogo kuhusu herufi, maana kisanduku cha nne kinaziulizia. Mnataka Times New Roman, ukubwa wa 12, nafasi ya mistari miwili. Fonti hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo mwaka 1932. Gazeti lilihitaji herufi zinazosomeka vizuri huku zikibana maneno mengi kwenye safu nyembamba. Ndiyo mliyoichagua, kisha mkatuamuru tuiachie mistari iliyo mbalimbali kama nyumba za mabwanyenye. Karatasi nanunua mimi.

Kuhusu tahajia, nina habari njema. Kompyuta ya steshenari imepangwa kwa Kiingereza, basi karibu kila neno la tasnifu yangu lilipigiwa mstari mwekundu wa mawimbi. Ukurasa ulionekana kama daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili baada ya kupita mikononi mwangu. Nilipofika ukurasa wa hamsini na kitu programu ikatoa tangazo kwamba makosa ni mengi mno, haitaendelea kuyaonyesha. Ilisalimu amri mbele ya Kiswahili. Lakini kuna maneno ambayo haikuyagusa hata siku moja, nayo ni majina ya kanga. Sababu ni kwamba kanga huandikwa kwa herufi kubwa, nami niliyanukuu vile vile, na programu kwa kawaida yake huyaacha maneno yenye herufi kubwa tupu yapite. Katika miaka mitatu ya masomo, huo ndio utafiti wa kanga ulioheshimiwa zaidi.

Dawa: Ctrl na A kuiteua hati yote, kisha mahali pa lugha unachagua Kiswahili, au ukikosa, unaiambia isikague. Kwa kuwa ninyi ni watu wa elimu, mtafurahi kukumbushwa kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Na leo LibreOffice, isiyouzwa, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Mwongozo wenu unasema tasnifu iliyoandikwa kwa programu nyingine haitapokelewa, hata ile ya Kiswahili, hata inayohusu Kiswahili.

Kuna na jingine, dogo, ambalo dada wa dirishani alilizungushia duara. Programu hii ina tabia ya kukusahihisha bila kuombwa. Ukiandika herufi i peke yake huikuza, ikidhani wewe ni Mwingereza unajitaja. Nimeandika kuhusu bibi mmoja wa Tanga aliyeuliza kanga yake i wapi. Programu ikampandisha cheo, akauliza kanga yake I wapi. Na kwenye ukurasa wa 31 niliainisha kanga kwa makundi matano, nikayapa herufi kwenye mabano. La kwanza likatoka (a), la pili (b). La tatu, la kanga za mafumbo, likatoka ©. La nne (d). La tano, la kanga za kampeni, likatoka €. Msomaji angedhani mafumbo ya wanawake wa pwani yana hakimiliki na kampeni zetu zinalipiwa kwa yuro. Dada akaandika pembeni: "Alama zisizoeleweka." Hiyo ndiyo sentensi pekee ya ofisi yako iliyokaribia kuwa uhakiki. Ctrl na Z mara moja, papo hapo, hurudisha mabano; atakaye kuikomesha kabisa aingie kwenye orodha ya masahihisho ya kujiendesha aifute mistari hiyo. Mimi sijaifuta, nimeizoea.

Mara ya tatu mlinirudishia kwa mambo mawili. La kwanza ni yaliyomo. Kwenye orodha ya yaliyomo, mahali pa namba za kurasa, palikuwa na maneno mazito meusi ya Kiingereza yakisema kuna hitilafu, alamisho haipo. Mistari saba. Kwenye skrini hayakuwapo. Yalitokea wakati wa kuchapa, kwa sababu programu huisasisha orodha wakati huo, na mimi nilikuwa nimeshavifuta na kuviandika upya vichwa ambavyo orodha ilikuwa bado inavikumbuka. Ni kama kumtafuta mtu kwa namba ya nyumba iliyobomolewa. Ungebonyeza F9 juu ya orodha na kukubali isasishwe yote, ukatazama, ndipo ukachapa, yangekwisha. Mimi nilijua hayo kesho yake.

La pili lilikuwa zito. Mliitaka na nakala ya faili kwenye flashi, mkazifungua taarifa zake, mkakuta mahali pa mwandishi hapana jina langu. Barua yenu ninayo hapa: "Ufafanuzi unahitajika kuhusu uhusiano wako na Kaunta 2."

Ndugu Mkurugenzi, Kaunta 2 ni kompyuta. Ni ile ya katikati, iliyo chini ya feni. Programu humwandika kuwa mwandishi yeyote yule aliyejaza jina lake siku ilipowekwa kwenye mashine, na siku hiyo aliyejaza alijaza Kaunta 2 ili asichanganye na Kaunta 1. Mimi na Kaunta 2 tumefahamiana kwa muda mrefu, nakiri. Siku umeme ulipokatika nikiwa katikati ya Sura ya Nne, kijana aliniuliza swali moja tu, "Mama, ulisevu?" Nikanyamaza. Programu hujihifadhia yenyewe kila baada ya dakika 10, kwa hiyo nilipoteza dakika nane na aya niliyoipenda. Umeme uliporudi, faili likakataa kufunguka. Likasema linatumiwa na mtu mwingine. Tukauliza ni nani. Likajibu: Kaunta 2. Tulikuwa tumeketi mbele ya Kaunta 2, wote wawili, hakuna mwingine. Ilibidi kijana atafute kifaili kilichofichwa, kinachoanza na alama ya wimbi na ya dola, ambacho programu hukiweka kama kufuli na hukiondoa ikifungwa kwa heshima. Umeme haukuwa umeifunga kwa heshima. Akakifuta, hati ikafunguka. Huo ndio uhusiano wangu na Kaunta 2, na ukihitaji kiapo nitakuja na mashahidi.

Sasa niruhusu nirudi kwenye kanga, kwa kuwa mnadaiwa sura moja. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji ulio katikati, na ina jina. Mwanamke akiingia dukani Kariakoo hutazama pindo, ni kweli. Pindo likikatwa vibaya hatanunua. Hushika mji aone rangi. Kisha husoma jina, na hapo ndipo huamua, maana jina ndilo atakalolivaa mbele ya watu, na jina baya limewahi kuvunja nyumba. Sijapata kumwona mnunuzi aliyepima pindo kwa rula, akafunga mzigo, akaondoka bila kujua kilichoandikwa. Nimewaona wakaguzi wanaofanya hivyo, na wako kwenye ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu kulia.

Nimechapa nakala tatu kila mara, karatasi 426, kwa shilingi 100 kila moja. Ni 42,600, na kwa mara tatu ni 127,800, mbali na nauli na jalada. Kwa fedha hiyo ningepata doti kadhaa na data nzuri. Siidai. Ninachoomba ni machache. Kiolezo kibadilishwe kiwe A4. Siku ya kuwapokea wanafunzi wapya, kati ya hotuba ya makamu mkuu wa chuo na hotuba ya mgeni rasmi, zitengwe saa mbili za kuonyesha mpaka wa sehemu unavyowekwa, na mtoa mada awe kijana wa steshenari, alipwe posho ile ile ya wahadhiri. Fomu iongezwe kisanduku cha 12 kinachouliza kama kuna aliyesoma. Kikikosa nafasi, punguzeni pambizo. Milimita moja itatosha.

Tasnifu naileta Jumatatu kwa mara ya nne. Nimeipima mwenyewe kwa rula, na nimewaandikia jina la kanga kwenye ukurasa wa 98 linaloihusu ofisi yenu. Sitalitaja hapa, ili mpate sababu ya kufika ukurasa huo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu (ukurasa huu ulipaswa kuwa wa 4; kwangu unasomeka iv)

Nakala:
(a) Msimamizi wangu, aliyesema kazi ni nzuri ila nirekebishe namba
(b) Dada wa dirishani, pamoja na rula
© Kaunta 2